Namba ya koperative iko mu mufuko ya nani?



Tunaanza na habari yetu sisi wenyewe, juu haiko muzuri kufundisha jirani namna ya kutengeneza paa wakati nyumba yako inavuja.

Ilikuwa wakati ya kipwa, mvula imekwisha. Koperative yetu hapa Kambove ilikuwa imelima tomati, shu na vitunguu pembeni ya kijito. Kati yetu wanawake ni wengi, wanaume ni wachache, na vijana wanahesabika ku vidole. Tomati ilitoka muzuri. Wakati ya kuvuna ilipofika, tulifanya sawa vile tulifanya mwaka yenye ilitangulia: tulingojea wanunuzi wa Likasi na wa Lubumbashi wapige telefone. Siku ya kwanza, kimya. Siku ya pili, kimya. Siku ya tatu, tukamukuta ku barabara mama moja mwenye anauzishaka ku soko ya Kenya, ile Kenya ya kwetu Lubumbashi, haiko ile inchi. Kamyo yake ilikuwa imejaa tomati ya kijiji ingine.

Tukamuuliza: «Mama, tulikungojea. Mbona haukupiga?»

Akajibu: «Nilipiga mara tatu! Ule kijana wenu anasema hayuko tena Kambove, iko ku kazi upande ya Kolwezi. Ananiambia hajue tena mambo ya tomati.»

Njo tulielewa. Kwa miaka mbili kijana moja wa koperative yetu njo alikuwa anapiga foto za mazao, anaziweka ku statu ya WhatsApp na ku Facebook, anajibu wanunuzi, anapanga siku ya kamyo. Alitumia telefone yake, karte SIM yake, na mega yenye alinunua na makuta yake. Wakati alipata kazi ku mine, aliaga muzuri, tukamuombea baraka, akapanda gari. Hakuna mutu alifikiri kama ndani ya mufuko ya suruali yake alibeba pia wanunuzi wetu yote.

Ile wiki, sehemu kubwa ya tomati iliozea mu shamba. Ile ingine tuliuzisha kwa bei yenye hatupendi kutaja.

Hatuandike hii juu ya kulaumu ule kijana. Hakuiba kitu. Kosa ni yetu. Mukutano yote yenye tulifanya, tulihesabu majembe, tulihesabu pompe ya maji, tulihesabu mifuko ya mbolea, tukaandika nani anatunza nini. Hakuna siku moja tuliuliza: namba yenye wanunuzi wanajua, iko ya nani? Majina ya wanunuzi, yameandikwa wapi?

Mawazo yetu njo hii: kuuzisha kupitia WhatsApp na Facebook ni kazi ya kweli, na inasaidia. Lakini namba ya telefone na orodha ya wanunuzi ni mali ya koperative, sawa vile mashini ya unga ao mizani. Koperative yenye inaacha ile mali mu mufuko ya mutu moja, hata kama ni mutu muzuri, hata kama ni prezida mwenyewe, inalima juu ya udongo yenye haiko yake.

Kwa nini telefone ni ya lazima kwetu

Wazee wanasemaka: kitu kizuri kinajiuzisha chenyewe. Zamani ilikuwa kweli, juu mununuzi alikuwa jirani. Leo mununuzi wa tomati yetu iko Lubumbashi. Kutoka Lubumbashi mpaka Likasi ni karibu kilometre 120, na Kambove iko mbele ya Likasi tena. Ile mama wa soko hawezi kupanda gari kuja kuangalia tu kama shu imekomaa. Kitu kizuri chenye hakitoe sauti, kinaoza.

Tena, kwetu watu wamezoea kufikiri kama utajiri iko chini ya udongo, haiko juu yake. Tangu wakati ya Union Minière, na kisha ya Gécamines kuanzia 1967, jina ya Kambove inaita mawe, haiite mboga. Mutu wa Lubumbashi akisikia Kambove, anawaza shaba. Nani atamuambia kama huku kuko pia mahindi, vitunguu na samaki ya Kapolowe? Hakuna mwenye atakuja kutusemea. Inaomba tuseme sisi wenyewe.

Na mahindi njo ile ile. Sehemu kubwa ya unga ya bukari yenye watu wa Haut-Katanga wanakula inatoka Zambia, inapita Kasumbalesa. Mu 2024 ukame iliharibu mahindi ya Zambia, mpaka prezida wa ile inchi akatangaza hatari ya taifa, siku ya 29 februari. Wakati kama ile, mununuzi wa muji anaanza kutafuta mahindi ya ndani. Lakini atatafuta wapi? Hajue kama wewe uko na mifuko 30 mu gala. Na wewe haujue kama yeye anaitafuta. Kati yenu munaingia komisionere, mwenye anajua pande zote mbili, na ile kujua kwake njo tunailipa.

Kuko mufano moja ya mbali yenye wavuvi wetu wa Kapolowe wataelewa mbio. Ku India, mu jimbo ya Kerala, telefone za mukononi ziliingia ku pwani kati ya 1997 na 2001. Mutaalamu moja wa uchumi, Robert Jensen, alifuata masoko ya samaki ile miaka, akatoa matokeo mu 2007. Mbele ya telefone, wavuvi walikuwa wanapeleka mitumbwi ku soko yao ya kila siku. Siku ingine walikuta samaki imejaa pale, wakatupa yao mu maji, kumbe ku soko ya pembeni watu walikuwa wanarudi nyumbani na kapu tupu. Wakati walianza kupiga telefone kabla ya kufika ku pwani, samaki ya kutupa ikaisha. Faida ya wavuvi ilipanda karibu 8 kwa mia, na bei yenye wanunuzi walilipa ilishuka karibu 4 kwa mia. Pande mbili zilipata.

Angalieni muzuri kitu yenye wale wavuvi walisema ku telefone. Hawakuimba, hawakufanya matangazo ya kupendeza. Waliuliza na kujibu maneno matatu: kuko samaki ngapi, wapi, kwa bei gani. WhatsApp yetu ya leo inapaswa kufanya ile kazi ile ile, na foto juu yake.

Kosa yetu ya pili

Kisha kupoteza wanunuzi, tulitaka kurekebisha mambo mbio mbio. Tukasema: kila memba mwenye iko na telefone ya Android aweke mazao yake ku statu yake. Tulifikiri kama sauti kumi zinasikika kupita sauti moja.

Zilisikika, kweli. Komisionere moja alichukua namba zetu yote. Asubui alipigia mama wa kwanza: «Mama, mwenzako anatoa kitunguu kwa bei ya chini, na wewe?» Mama akashusha. Akapigia wa pili: «Yaya, mama fulani ameshusha.» Wa pili akashusha zaidi. Mpaka saa kumi ya mangaribi alikuwa amezunguka shamba yote bila kutoka ku kiti yake, na sisi yote tulikuwa tumeuzisha kwa bei yenye hakuna moja kati yetu angekubali mu mukutano.

Komisionere alifanya kazi yake. Sisi njo tulimupatia foto, tukamupatia namba, tukamupatia na haraka yetu. Tuliingia mu koperative juu tusishindane ku bei, kisha tukatumia telefone kushindana vizuri zaidi.

Njo maana tunasema: kila mutu na statu yake haiko soko ya koperative. Mazao ya pamoja inaomba sauti ya pamoja: namba moja, bei moja yenye komite imekata, na watu wenye wanajulikana kama njo wao wanajibu. Memba anaweza kuweka foto ku statu yake, hatumukataze, lakini pale chini aandike namba ya koperative, asiandike bei yake.

Namna ya kurudisha namba mu nyumba

Tunawaambia vile tunafanya sasa. Haiko sheria ya Mungu, lakini inatusaidia.

Ya kwanza ni karte SIM. Karte yenye kijana alinunua pembeni ya barabara imeandikwa ku jina yake, na karte yake ya uchaguzi. Ikipotea, yeye peke yake njo anaweza kuomba ingine ya namba ile. Kwa hiyo tulinunua karte mupya ya kazi hii tu. Kama koperative yenu iko na papiye yake, mwende ku ofisi ya reseau muulize kama wanaweza kuiandikisha ku jina ya koperative. Kumbukeni kama sheria ya OHADA juu ya koperative, ya 15 desemba 2010, inatumika pia kwetu tangu Congo iliingia mu OHADA mu 2012. Koperative yenye imeandikishwa ni mutu mbele ya sheria: inaweza kuwa na mali yake. Na watu watano wanatosha kuanzisha ile koperative ya namna ndogo, yenye wanaitaka SCOOPS. Kama papiye haijakamilika, karte iandikwe ku jina ya memba moja mwenye mukutano umechagua, na kuandikwe karatasi yenye inasema wazi: namba hii ni ya koperative, akitoka anaiacha. Watu watatu wasaini.

Ya pili ni telefone. Tulinunua moja, haiko ya bei kali, ya kwetu yote. Inalala ku nyumba ya sekretere, sawa vile kesi inalala ku nyumba ya mutunza feza. Tulitia WhatsApp Business, programu yenye ilitoka mu 2018 na haiombe kulipa. Inapita WhatsApp ya kawaida ku mambo madogo yenye inasaidia muuzishaji: unaweka mahali muko, saa za kujibu, unapanga foto za mazao na bei pamoja sawa vile ku meza ya soko, na wakati hakuna mutu karibu inatuma jibu yenyewe: «Aksanti, tutakujibu leo mangaribi.» Namba moja inaweza kufunguliwa pia ku mashini ingine mpaka ine, kwa hiyo watu wawili wanaweza kujibu bila kunyanganyana telefone. Inaomba tu telefone kubwa ifunguliwe kila mara, isipite siku 14, ao zile zingine zinakatika.

Ya tatu ni kufunga mulango. Ndani ya programu kuko kode ya chifre sita yenye unachagua wewe mwenyewe, juu mutu asiweze kuchukua namba yenu ku telefone ingine. Tuliiweka, tukaiandika ku karatasi, karatasi iko mu kesi. Na kuko kode ingine ya chifre sita yenye inakuja kwa mesaje. Mutu akikupigia akasema, «Mama, nimekutumia kode kwa bahati mbaya, unirudishie,» ujue ni mwizi. Ile kode ni ufunguo. Haipewe mutu, hata akijiita mufanyakazi wa reseau.

Ya ine, na kwetu njo kubwa kupita yote, ni kaye. Kaye ya kawaida ya masomo. Kila mununuzi mwenye anapiga, tunaandika: jina, namba, anauzishia wapi, alinunua nini, siku gani, alilipa namna gani. Telefone inaweza kuanguka mu maji. Inaweza kuibiwa. Kaye inabaki. Tena tusisahau: kutoka 31 desemba 2018 mpaka karibu 20 januari 2019, kisha uchaguzi, intaneti ilikatwa mu inchi yote, na mesaje pia. Karibu wiki tatu. Mwenye alikuwa na wanunuzi wake ndani ya WhatsApp tu, alifanya nini? Mwenye alikuwa na kaye aliweza kupiga kwa sauti, ao kutuma mutu na manseba mpaka Likasi.

Foto ni ahadi

Sasa tuseme juu ya kitu yenye tunaweka.

Kwanza kwanza, kijana wetu aliweka foto ya tomati yenye alichukua ku intaneti. Nyekundu, inangaa, hakuna hata moja yenye iko na alama. Mununuzi moja alikuja na kamyo kutoka Lubumbashi, akaona tomati yetu, ya kweli, ya kuliwa, lakini haikufanana na ile. Alinunua nusu, akakasirika. Hakurudi mpaka leo.

Kutoka ile siku tuko na neno moja: foto ni ahadi. Foto ya leo, ya shamba yetu, mchana, na mukono ya mutu pembeni juu ukubwa uonekane. Mufuko juu ya mizani, na chifre ya mizani isomeke. Chini yake tunaandika mambo matano: ni kitu gani, iko ngapi, iko wapi, bei ni ngapi kwa kilo, na bei inafika mpaka siku gani. Bei bila tarehe ni chanzo ya kelele. Tunasema kilo, hatuseme meka ao kapu, juu kila soko iko na meka yake, na ugomvi nyingi inatoka pale.

Kama kuko kasoro, tunaisema. «Vitunguu hii ni kidogo kidogo, bei iko chini juu ya ile.» Utashangaa: kuko wanunuzi wenye wanatafuta kidogo kidogo. Na mwenye alisoma ukweli mara moja, anasoma tena.

Tujue pia namna ya kila chombo. Statu inapotea kisha saa 24, kwa hiyo ni ya mazao yenye iko tayari, haiko ya kuhifadhi habari. Grupe inaonyesha namba ya kila mutu kwa kila mutu, kwa hiyo tukiweka wanunuzi yote mu grupe moja, komisionere anakula hapo asubui na mangaribi. Kuko liste ya kutuma, yenye inapeleka mesaje moja kwa watu mpaka 256, kila mutu anaipata peke yake. Lakini inafika tu kwa mwenye amehifadhi namba yenu. Kwa hiyo mununuzi akilipa, kabla ya kamyo kuondoka, mumuombe: «Mama, andika namba yetu mu telefone yako, mbele yetu.» Ni dakika moja.

Na feza? M-Pesa, Airtel Money, Orange Money, yote ni muzuri, juu mama wa soko hatembei tena na makuta mu kitambaa ku barabara. Lakini kuko wenye wanatuma mesaje ya uongo, yenye inafanana kabisa na mesaje ya kweli: «Umepokea…» Hatuachilie mufuko juu ya mesaje. Mutunza feza anafungua konti, anaangalia chifre mwenyewe, anasema «iko», njo mifuko inapanda. Mununuzi wa kweli hakasirike juu ya ile.

Wenye hawakubali

Mu koperative yetu hatuko na wazo moja juu ya haya yote, na tunaona vizuri kuwaambia.

Wengine wanasema: intaneti ni ya watajiri. Tunakumbuka namna inite zetu zilikatwa juu ya RAM kuanzia 2020, mpaka ikaondolewa mu 2022. Mega inakula makuta, ni kweli. Kwa hiyo mega ya namba ya koperative inatoka mu kesi ya koperative, inaandikwa sawa vile mafuta ya pompe, na kila mwezi tunauliza: ilileta mununuzi ngapi? Kama haikuleta, tunapunguza.

Wengine, zaidi wazee, wanasema: mimi niko na kale ka telefone kadogo ka mabutoni, nitajuaje wanasema nini ndani ya ile ya koperative? Ni ulizo ya haki. Mutu mwenye haone kitu, anafikiri wanamuibia, na mara ingine ni kweli. Njo maana kila mukutano, mbele ya kitu ingine, sekretere anasoma kaye kwa sauti: nani alipiga, aliomba nini, tulimujibu nini, alilipa ngapi. Mama mwenye hajue kusoma anasikia, na anaweza kuuliza. Mu koperative ni mutu moja, kura moja. Telefone ya Android haipatie mutu kura mbili.

Lakini neno yenye ilitugawanya zaidi ni hii. Memba moja alisimama akasema: «Munasema wanunuzi ni wa koperative. Ule kijana njo aliwatafuta. Usiku tulilala, yeye alikuwa anajibu. Mulimulipa nini?» Watu wakanyamaza. Juu jibu ni: hatukumulipa kitu. Tulimuita «mutoto wa WhatsApp», tukacheka, tukakula faida ya kazi yake, na siku alipata mushahara ku mine tukashangaa juu ya nini anaenda.

Tulizungumuza sana, na mwisho wengi tulikubaliana hivi. Namba ni ya koperative. Lakini kazi ya kujibu ni kazi, na kazi inalipwa. Leo mwenye anajibu anapata sehemu kidogo ku kila mufuko yenye inauzishwa kupitia ile namba, kiasi chenye mukutano umekata. Haiko mingi. Haiwezi kushinda mushahara ya mine, na hatujidanganye. Lakini kijana mwenye anaona kitu ku mwisho wa mwezi iko na sababu ya kubaki mwaka ingine, na akienda, iko na sababu ya kufundisha mwenye anabaki. Sasa wanajibu wawili: binti moja na mama moja mwenye anajua mazao na anajua kuhesabu. Binti anapiga foto, mama anakata maneno na wanunuzi. Moja akigonjwa ao akisafiri, namba haifungwe.

Kuhusu ule kijana wetu, tulimupigia. Tulimuomba radhi juu ya ile miaka mbili, na tukamuomba atusaidie. Alitutumia majina na namba za wanunuzi wenye alikuwa nao bado, na aliweka ku statu yake namba mupya ya koperative. Hakuombe kitu. Tulimutumia mufuko moja ya vitunguu kwa mama yake. Si wanunuzi yote walirudi. Ile mama wa soko ya Kenya alirudi.

Kazi yenye tunawaachia

Hatuwaambie munune telefone kesho. Koperative nyingine reseau haifike vizuri, na kwao kaye na redio ya pale inaweza kutosha kwa leo. Lakini ku mukutano yenu yenye inakuja, muweke maulizo matatu mezani, mbele ya mambo ya mbegu na mbolea.

Namba yenye wanunuzi wetu wanajua, imeandikwa ku jina ya nani? Kama ule mutu akienda kesho asubui, tutabaki na majina ngapi ku karatasi? Na mwenye anafanya ile kazi ya kujibu, anapata nini?

Mukikosa jibu ku ulizo moja, musubui haujachelewa: munue kaye ya masomo, mumukalishe ule mwenye iko na namba, na aanze kusoma majina moja moja, mwingine anaandika. Kwetu ile kazi ilichukua nusu siku tu. Tungeifanya mwaka moja mbele, ile tomati haingeozea mu shamba.